Urithi wa Mjomba na Msaada wa Mama



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na shauri la mahari. Mtuwie radhi, tutalirudia. Leo kuna barua mezani isiyoweza kungoja, kwa maana jamaa iliyoiandika inataka jibu kabla ya kutuma fedha, na fedha zikisha kutumwa ni shida kuzirudisha.

Barua imetoka kwa baba mmoja wa jamaa, Mkristu wa upande wa Uvira. Jina lake tunaliacha, kwani mambo ya nyumba ni ya nyumba. Anaeleza kwamba mama yake, mwenye umri wa miaka 71, alikimbia vita pamoja na binti yake mkubwa. Walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania, na miaka minne iliyopita walipelekwa Marekani, katika jimbo la Kentucky. Huko mama huyo hupata msaada wa serikali kila mwezi, tena hutibiwa ugonjwa wake wa sukari bila kulipa. Sasa kaka yake, yaani mjomba wa mwandishi, amefariki hapa nyumbani. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha kiwanja na nyumba. Jamaa wameviuza kwa dola 18,000, na warithi ni wawili: mama aliye Marekani, na mdogo wake wa kiume aliyebaki huku.

Fungu la mama ni dola 9,000. Kwa jamaa iliyozoea kuhesabu kila franka, ni mali nyingi. Ilipasa kuwa furaha. Lakini mwandishi anasema kwamba tangu siku ile nyumba imejaa maneno.

Mjomba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa jamaa hapa, anasema: «Dada ndiye mzaliwa wa kwanza. Fedha zote 18,000 ziwekwe mikononi mwake. Yeye atatugawia, kila mtu fungu lake, kama walivyofanya wazee wetu.» Yaya, yule binti aliye Kentucky, anapiga simu usiku akilia: «Msitume hata dola moja! Serikali ikiona, itamkatia Mama msaada wake.» Na kijana mmoja wa jamaa, aliyesoma kidogo, ametoa shauri la tatu: fedha zitumwe kwa jina la mjukuu mwenye miaka 19, Mama azitumie kimya kimya, wala hakuna atakayejua. Mwandishi anatuuliza: «Ni nani kati yao asemaye kweli? Tena, shauri la tatu ni dhambi au ni busara tu?»

Ndugu yetu, kila mmoja wa hao watatu ameshika kipande cha kweli, lakini hakuna hata mmoja wa kumfuata. Twende polepole.

Kwanza yafaa kujua ni fedha za namna gani anazozipata mama huyu. Watu wengi husema tu «fedha za serikali», au husema «pensheni», kana kwamba zote ni kitu kimoja. Sivyo. Kuna malipo ambayo mtu ameyatafuta kwa jasho lake. Alipokuwa na nguvu alifanya kazi, kila mwezi sehemu ya mshahara wake ilikatwa, na bwana wa kazi akaongeza yake. Alipozeeka anarudishiwa matunda ya kazi ile. Hapa kwetu Kongo hiyo ndiyo kazi ya shirika lililoanzishwa mwaka 1961 kwa jina la INSS, ambalo tangu mwaka 2018 linaitwa CNSS. Wamarekani nao wana pensheni ya namna hiyo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1935, nayo huitwa Social Security. Mzee anayelipwa pensheni ya namna hii, akirithi nyumba au akishinda bahati nasibu, pensheni yake haipunguzwi. Hakuna anayemwuliza ana kiasi gani katika benki, kwani hizo ni haki ya kazi yake.

Msaada wa namna ya pili ni wa wale wasio na kitu. Marekani msaada huo huitwa kwa kifupi SSI. Sheria yake ilitiwa sahihi mwaka 1972, na malipo yakaanza mwezi wa Januari 1974. Hupewa wazee wenye miaka 65 au zaidi, pamoja na vipofu na vilema, ikiwa ni maskini. Yule aliyefika huko na miaka 67, asiyekuwa na miaka ya kazi katika nchi ile, hawezi kuwa na pensheni ya kazi, hupata SSI. Mtu hutambua kwa siku ya malipo: SSI hulipwa siku ya kwanza ya mwezi, na pensheni ya kazi hulipwa siku nyingine. Yaya atazame karatasi za Mama, atajua.

Hapa kwetu mkulima mzee, au mama aliyeuza mihogo sokoni maisha yake yote, hapati msaada wa namna hiyo kwa serikali. Hutegemea watoto wake, na baada yao, watu wema wa parokia. Ndiyo sababu tunaona shida kufahamu sheria ya msaada huo. Sisi tumezoea kwamba zawadi ikisha kutolewa ni yako. Lakini msaada wa SSI hupimwa upya kila mwezi. Kila mwezi serikali huuliza: Je, mtu huyu angali maskini? Mwezi akiwa maskini, hulipwa. Mwezi asipokuwa maskini, halipwi.

Maskini maana yake nini? Hapo sheria imeweka mpaka. Mwaka 2025 malipo ya juu kabisa ya serikali kuu yalikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mwaka 2026 ni dola 994. Na mali ambayo mtu mmoja anaruhusiwa kuwa nayo, fedha za mkononi, za benki, na vitu vinavyoweza kuuzwa, isizidi dola 2,000. Mume na mke pamoja, dola 3,000. Mpaka huo haujasogezwa tangu mwaka 1989, ingawa bei ya mkate na ya nyumba zimepanda mara nyingi tangu hapo. Sioni haya kusema kwamba ni mpaka mkali. Mzee anayejinyima ili aweke akiba kidogo ya siku za ugonjwa anaadhibiwa kama vile amekosa. Hata Wamarekani wengi wanalalamikia jambo hili. Lakini sheria ikiwa kali, bado ni sheria, na mama yetu anaishi chini yake.

Sasa tuhesabu pamoja. Tuseme fungu la Mama linamfikia tarehe 10 Machi. Katika mwezi ule ule wa Machi, dola 9,000 zinahesabiwa kuwa pato. Serikali husamehe dola 20 tu, na zilizobaki humpunguzia msaada dola kwa dola. Kwa kuwa 9,000 zinapita mbali malipo ya mwezi, msaada wa Machi unapotea wote. Na kama alikwisha kuupokea tarehe 1, atatakiwa kuurudisha. Tarehe 1 Aprili jina la fedha hizo linabadilika: si pato tena, zimekuwa mali. Asubuhi ya siku ile, akiwa bado na zaidi ya dola 2,000, Aprili hapati kitu. Tarehe 1 Mei vivyo hivyo. Lakini asubuhi ya siku ya kwanza ya mwezi wo wote atakapokuwa amebaki na dola 2,000 au chini yake, kwa njia iliyo halali, anastahili tena. Ila ikipita miezi 12 mfululizo bila kustahili, jina lake hufutwa katika daftari, na itampasa kuanza maombi upya.

Basi Yaya hakusema uongo, lakini alisema nusu. Fedha hizi zinaweza kumkatia Mama msaada, ndiyo. Kwa muda gani? Yaweza kuwa mwezi mmoja tu, ikiwa jamaa itatenda kwa akili. Yaweza kuwa miaka, ikiwa itatenda kwa kificho au kwa haraka.

Tena kuna jambo kubwa kuliko zile dola 994. Katika majimbo mengi, na Kentucky ni mojawapo, mtu apataye SSI hupata pamoja nayo matibabu yaitwayo Medicaid. SSI ikikatika, matibabu nayo yanaweza kuingia hatarini. Mama mwenye ugonjwa wa sukari hawezi kukaa miezi bila dawa. Mnapofanya baraza la jamaa, msihesabu fedha za kila mwezi tu. Wekeni na dawa katika mizani.

Sasa shauri la yule kijana, la kuandika fedha kwa jina la mjukuu. Wengine watacheka wakisema ni werevu. Sisi tunaona ni shauri baya mara tatu.

Ni baya kwa roho, na hapo ndipo jibu la swali lako la pili. Mama atatakiwa kueleza mali yake kwa sahihi yake mwenyewe, naye atakuwa anatia sahihi juu ya uongo. Amri ya nane haikuandikwa kwa ajili ya mahakama tu. Na kupokea msaada wa maskini huku umeficha mali kunagusa pia amri ya saba, maana msaada ule unatoka katika kodi za watu, wengi wao wafanya kazi wenye mshahara mdogo. Ni baya pia mbele ya sheria. Ofisi ya Social Security ina njia ya kuuliza mabenki kwa mitambo. Mtu asiyetoa habari kwa wakati anaweza kukatwa dola 25 hadi 100. Lakini aliyesema uongo kwa kusudi hunyimwa malipo miezi 6 mara ya kwanza, 12 mara ya pili, na 24 mara ya tatu, tena anaweza kushitakiwa. Na ni baya kwa jamaa yenyewe. Fedha zikisha kuandikwa kwa jina la mjukuu, ni za mjukuu. Akioa, akigombana na mama yake, akipata ajali na kudaiwa, nani atasimama mbele ya hakimu kusema kwamba zile ni za bibi? Tumeona hapa kwetu viwanja vingi vilivyoandikwa jina la mtoto «kwa muda tu». Mnajua vilikoishia.

Labda kijana atasema: «Basi Mama akatae urithi, fungu lake tulichukue sisi.» Hapana. Sheria ya SSI huhesabu kwamba anayekataa kilicho chake ametoa zawadi. Au atasema: «Fedha zikae benki ya hapa, wasizione.» Nayo hapana. Kilicho cha Mama ni cha Mama, kikiwa Kentucky au kikiwa Uvira. Hata kiwanja kisichouzwa, ikiwa yeye ana haki ya kuuza sehemu yake, huhesabiwa. Nyumba inayosamehewa ni ile anayokaa mwenyewe.

Tufike kwa Mjomba mdogo. Huyu tunamheshimu, maana shauri lake lina adabu. Desturi yetu humpa mkubwa heshima kwa kuweka mali mikononi mwake, naye huonyesha ukubwa wake kwa kugawa. Mkubwa asiyegawa ni mkubwa gani? Hata amri ya nne inatufundisha kuwaheshimu wazazi wetu wasiwe watazamaji katika nyumba zao wenyewe. Lakini tazameni litakalotokea. Dola 18,000 zikiingia katika akaunti ya Mama, ofisi itaziona zote kuwa zake, wala haitajua kwamba nusu ni za mdogo wake. Kisha Mama ataanza kugawa: huyu dola 9,000, wale wajukuu karo ya shule, shemeji yule deni lake. Na hapo ndipo sheria inapouma kuliko mahali pengine pote.

Kwa sababu sheria hiyo inamkataza mtu wa SSI kutoa mali yake bure, au kuiuza kwa bei ya chini, ili abaki maskini. Ofisi inaweza kutazama nyuma miezi 36. Ikiona mali iliyotolewa bure, huigawanya kwa malipo ya mwezi, na hesabu inayopatikana ndiyo miezi ya adhabu. Mama akitoa zawadi ya dola 5,000, atakosa msaada kwa muda wa miezi 5 hivi. Akitoa nyingi, adhabu yaweza kufika miezi 36. Na fedha hana tena, amekwisha kuzigawa! Yaani mama mwema, aliyefanya kama mama zetu wote wanavyofanya, anabaki mikono mitupu pande zote mbili. Anaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba hakutoa kwa ajili ya kupata msaada, lakini mzigo wa kuonyesha ni wake. Hata sadaka kubwa kwa kanisa yaweza kuhesabiwa hivyo. Tunayasema haya katika gazeti la misioni bila kuogopa: mapadri hawataki sadaka itakayomnyima mjane dawa.

Kwa hiyo heshima ya Mama safari hii iwe ya namna nyingine. Baraza la jamaa likae hapa, Mama asikilizwe kwa simu, neno lake liwe la kwanza na la mwisho. Lakini fedha zigawanywe hapa, kabla ya kuvuka mpaka. Iandikwe hati ya baraza: nani amefariki, warithi ni akina nani, nyumba imeuzwa kwa kiasi gani, kila mmoja amepata nini. Itiwe sahihi na wote pamoja na mashahidi. Fungu la Mjomba mdogo aliwekewe mkononi mwake mwenyewe, lisipite kwa Mama hata kwa siku moja. Huku si kuficha, maana ni kugawa kweli, kadiri ya haki ya kila mrithi. Fungu la Mama peke yake ndilo liende Kentucky, pamoja na nakala ya hati.

Zikifika, Yaya ampeleke Mama katika ofisi ya Social Security, au apige simu, kueleza kilichopokelewa. Siku ya mwisho ya kutoa habari ni tarehe 10 ya mwezi unaofuata, lakini kwa nini kungoja? Adai karatasi ya kuonyesha kwamba ameeleza, aiweke pamoja na ile hati. Ikija barua ya kudai fedha zirudishwe, asiitupe katika sanduku kwa sababu ya hofu. Mtu ana siku 60 za kukata rufani; akiona deni ni la haki lakini hana uwezo, anaweza kuomba asamehewe, au alipe kidogo kidogo. Tena kule kuna ofisi za mawakili wanaowasaidia maskini bila malipo, na katika majimbo mengi ya Kanisa kuna Catholic Charities, ambao wanaweza kumwonyesha mlango wa kugonga. Sisi twaweza kueleza njia kwa jumla. Kwa nyumba ile na fedha zile, yafaa aulizwe mtu aliye karibu.

Je, Mama azitumie fedha zake jinsi gani? Kwa mahitaji yake mwenyewe, kwa bei ya haki, na kila kitu kiwe na risiti. Alipe madeni yake ya kweli. Atengeneze meno, anunue miwani, kitanda kizuri cha mgongo wake, nguo za baridi, friji ya kuwekea dawa. Vyombo vya nyumbani havihesabiwi. Gari moja la kumpeleka hospitali na Misa halihesabiwi, hata kama anayeliendesha ni Yaya, mradi ni la Mama na linatumika kwa safari za nyumba yake. Anaweza kuweka dola 1,500 mbali kwa ajili ya mazishi yake, zikae peke yake zikiandikwa hivyo, na kununua mahali pa kuzikwa. Najua wengine hawapendi kutaja kaburi la mzazi aliye hai. Lakini wazee wenyewe hawaogopi kama sisi. Mara nyingi wanalala vizuri zaidi wakijua mambo hayo yamekwisha kutengenezwa.

Na kuna jambo moja ambalo mwandishi hakuliuliza. Mkimbizi hupata SSI kwa miaka 7 tu tangu apokelewe kama mkimbizi, isipokuwa awe amekwisha kuwa raia. Mama huyu ametumia minne. Gharama za maombi ya uraia, na za masomo yanayotakiwa, ni matumizi yake halali kabisa. Ningekuwa Yaya, ningeanzia hapo, kabla ya friji na kabla ya gari.

Safari nayo ni mtego. Tumesikia katika barua kwamba Mama anatamani kuja kuona kaburi la kaka yake. Nauli ni haki yake kuilipa. Lakini akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI husimama, na haianzi tena mpaka awe amerudi na kukaa huko siku 30 mfululizo. Akija, aje juma mbili au tatu, msimbembeleze akae mpaka Noeli.

Wajukuu je? Wale waliokuwa wanangoja karo kutoka kwa bibi? Mjomba mdogo ana fungu lake, wala hakuna sheria inayomzuia kugawa. Hapo ndipo ukubwa wake utakapoonekana. Na wale watoto wa Mama wenye kazi, wakitaka kumsaidia, wajue kwamba kumpa fedha taslimu kunampunguzia msaada, lakini kumnunulia nguo au dawa hakumpunguzii. Na tangu tarehe 30 Septemba 2024 chakula nacho hakihesabiwi tena. Mfuko wa unga na samaki kavu ni zawadi isiyo na hatari.

Tumebakiza neno moja la barua. Mwandishi anasema kwamba Mama alipopewa habari ya zile dola 9,000, hakuuliza habari ya msaada wala ya gari. Aliuliza: «Kaka yangu amewekewa msalaba?» Wakanyamaza. Kaburi bado ni kichuguu cha udongo, deni la hospitali halijalipwa, na waliotoa unga na maharagwe ya matanga wanangoja.

Basi, ndugu, hapa sheria ya wageni na moyo wa mama huyu vinakutana. Sheria ya SSI yenyewe inasema kwamba sehemu ya urithi iliyolipia ugonjwa wa mwisho wa marehemu na mazishi yake haihesabiwi kuwa pato. Hospitali, sanduku, kaburi, hata chakula cha jamaa waliokuja kuzika, vyote vimo. Lipeni hayo kwanza katika zile 18,000, na risiti zake mziambatanishe na hati ya baraza, kisha mgawe kinachobaki. Huenda fungu la kila mmoja lisifike 9,000. Na msalaba ukisha kusimama, mpelekeeni Mama picha.